Ford Haikuanza Nyeusi: Rangi Zilizofutwa na Nukuu Moja

Kama uko mtandaoni, lazima umekutana na maneno haya ya Henry Ford. Huwa yamebandikwa juu ya picha ya mzee mwenye suti, na chini yake kuna msee anakushawishi ununue kozi yake ya biashara. Kwa ufupi mzee anasema mteja ana ruhusa ya kuchagua rangi yoyote ya gari anayotaka, bora tu iwe nyeusi.

Watu wanacheka, wanapiga laiki, wanasonga. Somo linalouzwa hapo ni kwamba bosi wa kweli habembelezi mteja. Tengeneza kitu kimoja, mwambie achukue ama aache, halafu keti uhesabu pesa.

Mimi nina shida na hiyo stori. Si ati Ford hakuuza magari meusi. Aliuza, tena kwa mamilioni. Shida ni kwamba stori imekatwa mwanzo, ikakatwa na mwisho, tukabakishiwa kipande cha katikati. Na ukiona vile ilivyoanza na vile ilivyoisha, lile somo la biashara linageuka kabisa. Kwa hivyo leo wacha tuongee kuhusu rangi. Rangi tu. Utashangaa vile kopo la rangi linaweza kuwa na historia ndefu.

MWANZO ULIKUWA MWEKUNDU

Gari tunaloongelea ni Model T. Lilianza kutoka Oktoba 1908, katika kiwanda cha matofali pale Piquette Avenue, Detroit, Marekani. Hili ndilo gari lililofanya mtu wa kawaida, mkulima, mwalimu, daktari wa kijijini, aanze kufikiria kwamba na yeye anaweza kuendesha.

Na halikuwa jeusi.

Mwanzoni lilitoka likiwa jekundu, kijani au kijivu, kutegemea aina ya bodi. Lile la wazi la familia, la kubeba watu watano, ndilo lililopatikana kwa nyekundu. Hebu chora hiyo picha kichwani: bodi nyekundu, redieta ya shaba ya manjano imesuguliwa mpaka inameremeta, taa za shaba pia, halafu barabara ni vumbi tupu. Manze, ukipita hivyo mtaani kila mtu anageuka.

Baadaye kampuni ikapunguza uchaguzi. Kwanza ikaja kijani kimoja cha giza sana, kijani ambacho lazima jua likipige ndiyo ukubali kwamba ni kijani. Kufikia 1912 magari yote yalikuwa yanapakwa buluu nzito, walioiita buluu ya usiku wa manane, na madigadi yake meusi. Nyeusi gari zima, bila chaguo lingine, ilikuja 1914.

Sasa shika hiyo 1914 vizuri. Kitabu cha Ford kuhusu maisha na kazi yake, alichoandika pamoja na Samuel Crowther, kilitoka 1922. Humo ndimo anasimulia kwamba asubuhi moja mwaka 1909 alitangaza kuwa kampuni itatengeneza modeli moja tu, na hapo ndipo akatoa ule utani wa rangi nyeusi. Fanya hesabu. Mwaka 1909 kiwanda chake kilikuwa kinatoa magari mekundu na ya kijani. Miaka mitano ilibaki kabla nyeusi kuwa sheria, na miaka kumi na mitatu kabla kitabu kutoka. Labda alitania kweli asubuhi hiyo, labda kumbukumbu ilijipanga vizuri baada ya mambo kuwa yameshatokea. Vyovyote vile, magari yenyewe hayakubaliani na nukuu.

PICHA NAZO ZILITUDANGANYA

Utaniuliza, kama yalikuwa na rangi, mbona kwa picha zote za kale yanaonekana meusi?

Kwanza, picha zenyewe hazikuwa na rangi, hiyo ni wazi. Lakini kuna jambo la pili ambalo wengi hawalijui. Bamba za vioo na filamu nyingi za wakati huo hazikuona nyekundu. Kemikali zake zilishtuliwa na mwanga wa buluu, na nyingine zikaongeza kijani, lakini nyekundu ilikuwa kama giza kwao. Ndiyo sababu chumba cha kusafishia picha kiliwashwa taa nyekundu bila kuharibu kazi. Sasa piga picha ya gari jekundu na bamba kama hiyo. Linatoka jeusi tititi. Yaani lile gari lililokuwa linawika kuliko yote barabarani ndilo lililotoka kwenye picha kama limeenda matanga.

Tatu ni uzee. Rangi za wakati huo zilifunikwa na vanishi juu. Vanishi ikizeeka inageuka manjano, inakuwa kahawia, inazidi kuwa nzito. Weka hiyo juu ya kijani cha giza au buluu ya usiku wa manane, acha miaka hamsini kwenye ghala la mkulima, halafu mwambie mtu akutajie rangi. Atasema nyeusi, na hutamlaumu.

Ndiyo maana mafundi wa kurejesha magari ya kale hawaanzi na macho. Wanaanza kwa kutoa vitu. Wanafungua kibao kilichopigiliwa misumari tangu kiwandani, wanatazama chini ya kitambaa cha kiti, nyuma ya mbao za mbele ya dereva, mahali jua na mvua havikufika. Wengine wanachukua msasa laini kabisa na kusugua kiduara kidogo mpaka koti za rangi zijitokeze moja baada ya nyingine, kama pete ndani ya gogo la mti. Juu kabisa ni rangi aliyopaka mwenye gari wa mwisho. Chini kabisa, juu tu ya ile rangi ya msingi, ndiko kuna ukweli.

KWA NINI NYEUSI, BASI?

Hapa pia kuna jibu ambalo kila mtu analijua: ati nyeusi ndiyo iliyokauka haraka. Utalisikia kwa video, utalisoma kwa posti. Watafiti wa Model T waliopekua mambo haya wanasema hakuna ushahidi kwamba nyeusi ilikauka haraka kuliko vanishi nyingine za giza za wakati huo. Na hakukuwa hata na nyeusi moja. Ford ilitumia zaidi ya aina 30 za rangi nyeusi, kila moja na sehemu yake na namna yake ya kupakwa.

Ili uelewe, lazima ujue kupaka gari kulikuwaje kabla. Magari ya kwanza yalirithi ufundi wa mikokoteni ya kifahari ya farasi. Fundi anapaka koti moja kwa brashi, anangoja ikauke na hewa, anasugua, anapaka nyingine, anangoja tena. Koti baada ya koti, halafu vanishi juu. Kwa gari la bei, kazi ya rangi peke yake ingekula wiki kadhaa. Kama umewahi kupaka kucha rangi ya kawaida halafu ukaguswa kabla haijakauka, unajua uchungu wa huyo fundi. Vumbi kidogo tu, unarudi mwanzo.

Sasa Ford akahamia kiwanda kikubwa cha Highland Park mwaka 1910, na 1913 wakaanzisha ule mstari unaotembea, gari linamfuata mfanyakazi badala ya mfanyakazi kulifuata gari. Chasisi iliyochukua zaidi ya saa 12 kuunganishwa, kufikia mapema 1914 ilichukua dakika 93. Tuseme unatoa magari elfu moja kwa siku, na kila bodi inahitaji wiki mbili za kukauka. Hizo ni bodi elfu kumi na nne zimesimama mahali, na mahali hapo hapafai kuwa na vumbi. Utaziweka wapi?

Kwa hivyo kiwanda kikabadilisha namna ya kupaka. Vipande vya chuma kama madigadi vilitumbukizwa kwenye tangi la rangi, vikaning'inizwa, vikaingizwa kwenye tanuri kuokwa. Bodi zilimwagiwa rangi kwa mpira, kama mtu anamwagilia sukumawiki, na ile iliyochuruzika chini ilikusanywa na kutumika tena. Jiulize ungefanyaje hivyo ukiwa na rangi nne. Matangi manne, mipira minne, mifereji minne, na siku nyekundu ikichanganyika na kijani umeharibu zote mbili. Ukiwa na rangi moja, tone la gari la asubuhi linapaka gari la jioni.

Halafu kuna kemia. Zile rangi nyeusi za kuokwa zilikuwa na lami ya asili ndani, imechanganywa na mafuta ya mbegu za kitani. Ukiioka inakuwa ngumu, inashikilia chuma, inavumilia matope na mvua. Lakini lami ni nyeusi. Huwezi kutengeneza lami nyekundu hata ukiiombea. Kama unataka ugumu huo kwa bei hiyo, rangi umeshachaguliwa. Na nyeusi yenyewe ni masizi na lami, vitu rahisi, wakati rangi nyingine nzuri za wakati huo zilikuwa ghali ama zilipauka juani.

Ongeza jambo la mwisho: vipande kulingana. Madigadi yoyote yanaingia kwa bodi yoyote, mlango wowote unalingana na gari lolote. Ukigonga mti leo, kipande kipya hakitaonekana kigeni.

Kwa hivyo nyeusi haikuwa kiburi cha mzee mmoja aliyeamka na hasira. Ilikuwa hesabu. Mteja alipoteza rangi lakini alipata kitu. Gari la familia lilianza kwa dola 850. Kufikia 1925, lile dogo la watu wawili liliuzwa dola 260. Mwaka 1923 peke yake kampuni ilitengeneza karibu magari milioni mbili. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, takriban nusu ya magari mapya Marekani yalikuwa Ford. Mtu ambaye miaka kumi iliyopita alikuwa na punda sasa ana injini. Kwake yeye, nyeusi ilikuwa sawa kabisa.

Aliyeumia ni yule fundi wa brashi. Ujuzi wake wa miaka, kujua koti imekauka kwa kugusa tu, kuchora mstari mwembamba ubavuni bila mkono kutetemeka, kiwanda hakikuuhitaji tena. Sijawahi kuona jina la hata mmoja wao limebandikwa kwa picha mtandaoni.

MWISHO AMBAO HAWAKUPOSTI

Sasa twende pale ambapo wale wauza kozi huwa wanasimama.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kampuni ya kemikali ya DuPont ilikuwa na ujuzi mwingi wa kitu kinachoitwa nitroselulosi. Ni familia moja na baruti na filamu za sinema. Wakatoa humo rangi mpya, Duco. Unaipuliza badala ya kuipaka kwa brashi, inakauka kwa muda mfupi, na zaidi ya yote inakubali rangi za kuwaka. DuPont wakati huo ilikuwa mwenye hisa mkubwa katika General Motors, mpinzani wa Ford. Unaona hiyo picha inaenda wapi. Kwa modeli za 1924, gari la Oakland la General Motors likatoka na Duco, likiwa buluu. Buluu ya kweli, unaiona kutoka mbali.

Ghafla ile hesabu ya Ford ikaanza kupasuka. Sababu ya kuwanyima watu rangi ilikuwa wakati na bei. Sasa kuna mtu anatoa rangi kwa haraka na kwa wingi. Ukiendelea kusema nyeusi, husemi tena kwa sababu ya kiwanda. Unasema kwa sababu umezoea.

Na mteja naye alikuwa amebadilika. Yule wa 1914 alikuwa ananunua gari lake la kwanza maishani. Yule wa 1924 ana Ford nyeusi tayari, jirani ana Ford nyeusi, na ukiishiwa pesa kuna Ford nyeusi ya mtumba kwa bei ya kutupa. Kwa nini anunue nyingine nyeusi? Anataka kitu ambacho akikiegesha kanisani watu wajue ni chake. Alfred Sloan wa General Motors alielewa hilo mapema. Akapanga magari kwa ngazi, kila mfuko na gari lake, na mkopo wa kulipa polepole.

Sisi hatuhitaji kufundishwa jambo hili na profesa. Simama stendi ya Rongai uone vijana wanavyoachilia matatu tupu, wanangojea ile yenye michoro na taa. Nauli ni ile ile. Barabara ni ile ile. Rangi ndiyo inaamua.

Ford alichelewa lakini akasalimu amri. Agosti 1925 alitangaza modeli za 1926, na rangi zikarudi. Yale ya kufunikwa ndiyo yalianza, kijani kwa mengine na damu ya mzee kwa mengine, huku yale ya wazi yakibaki meusi kwa muda. Baadaye zikaongezwa buluu ya chuma, kahawia na nyingine. Miaka kumi na miwili ya nyeusi peke yake ikaisha kimyakimya.

Haikutosha. Sitaki kukudanganya kwamba rangi peke yake ndiyo ilimaliza Model T. Gari lenyewe lilikuwa limezeeka. Chevrolet ilikuwa na gia za kisasa zaidi, na wapinzani walikuwa tayari kumkopesha mteja. Lakini rangi ndiyo iliyokuwa dalili iliyoonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Mei 1927, baada ya magari zaidi ya milioni 15, Model T ikafungwa. Viwanda vikasimama miezi kadhaa, wafanyakazi wakarudi nyumbani bila kazi, wakingojea gari jipya lipangwe. Mwaka huo Chevrolet ikaipita Ford kwa mauzo. Na mwaka huo huo General Motors ikaunda idara nzima ya sanaa na rangi, chini ya Harley Earl. Yaani kampuni ililipa watu mshahara wafikirie rangi na umbo.

Desemba 1927 Ford akarudi na Model A. Unajua ilikuja na nini? Rangi za kuchagua. Kulikuwa na buluu ya Niagara. Kulikuwa na mchanga wa Uarabuni. Yule yule mzee wa nukuu.

HII INANIHUSU NINI?

Kuna mtu ataandika kwa komenti, "Bro, ni rangi ya gari ya miaka mia iliyopita, tulia." Siwezi kutulia, na nitakuambia sababu.

Najua vijana wanaoanzisha vibiashara vidogo, wa keki, wa nguo za mtumba, wa kuchora kucha. Wanalishwa hizi nukuu kila asubuhi kama chai. Wanaambiwa usimsikize mteja, angalia Ford. Halafu mteja anauliza kama kuna saizi nyingine, wanamjibu vibaya, wanaita huo ni msimamo. Hakuna aliyewaambia kwamba Ford aliweza kuwanyima watu rangi kwa sababu aliwarudishia kitu kikubwa zaidi, bei iliyoshuka karibu kila mwaka. Na siku alipobaki anawanyima bila kurudisha chochote, walienda kwa jirani.

Sentensi tamu haihitaji ushahidi ili isafiri, na hiyo ndiyo hatari yake. Gari linahitaji mtu alale chini, afungue kibao, asugue kiduara kidogo kwa msasa mpaka kijani kijitokeze. Hiyo ni kazi, tena ya kuchafuka. Nukuu unaitumia marafiki ukiwa kitandani. Ndiyo sababu nukuu imeshinda gari kwa miaka mia moja sasa, na gari bado lipo, lina rangi yake chini ya kiti.

Kwa hivyo ombi langu ni dogo. Wakati mwingine mtu akikutumia maneno ya tajiri fulani yamebandikwa kwa picha, muulize maswali matatu. Aliyasema lini? Wakati huo kiwanda chake kilikuwa kinafanya nini hasa? Na baadaye iliishaje? Ukipata majibu hayo, hutahitaji kozi ya mtu.

Na kama ungekuwa Detroit mwaka 1909 na dola 850 mfukoni, ungechukua gani? Mimi nyekundu, bila kufikiria mara mbili. Niambie yako hapo chini, na usiniandikie nyeusi, kwa sababu mwaka huo haikuwepo.